Siku ya ndoa yangu nilikwama juu ya Msimbazi nikining'inia kwenye kapi, na walioshika kamba ni watani

Wakuu, heshima kwenu wote, na wale wa umri wangu, kama bado mpo humu, salaam nyingi.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani yangu ina ufa, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka, irukeni na nyie. Ila ninachosimulia ni kweli tupu. Aliyekuwepo siku hiyo na bado yu hai ajitokeze anikanushe, nami nitafurahi sana kujua kuna aliyebaki.

Kilichonitoa mafichoni ni lile swali la jana la kijana wa sekondari.

Kaleta hesabu ya statics, ile ya vitu vilivyotulia. Kebo imefungwa ncha mbili, huku na huku ya mto, ncha moja iko juu kuliko nyingine. Kapi, au puli kama mnavyoita, linatembea juu ya hiyo kebo na mzigo umening'inia. Je, litatulia wapi?

Nikasoma majibu yenu. Mkuu mmoja anayejiamini kuliko wote kajibu "katikati, simple", na mkampa likes kibao.

Si katikati, wakuu. Nalijua hilo kwa sababu nimewahi kuwa huo mzigo.

Turudi nyuma. Ni zama za Mwingereza, miaka ya mwisho mwisho kabla ya uhuru. Mie kijana wa Mwananyamala, Mzaramo baba na mama, mwembamba, mbishi, najiona nimesoma. Nilikuwa najifunza ufundi kwenye karakana moja mjini. Jioni tulikuwa na darasa la hesabu za ufundi, mwalimu Mzungu mmoja mrefu mwenye soksi hadi magotini.

Wiki ya harusi yangu yule Mzungu akatupa swali hilo hilo la kijana wetu. Kapi, kamba, ncha mbili zisizolingana. Akasema tulete jibu Jumatatu.

Mie nikasema Jumatatu nitakuwa mume wa mtu, kapi litajijua.

Mchumba wangu alikuwa Mwanahawa, wa Vingunguti. Msiulize alikuwaje, nitaanza kulia na huu uzi si wa kulia. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau nyundo mkononi.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Kondo. Yeye alitaka mkwe mwenye shamba. Fundi kwake ni mtu anayeshinda akifungua vitu vilivyofungwa na kufunga vilivyofunguliwa. Kaka yake mzee huyo, aliyeishi Kimbiji, ng'ambo ya kivuko, alikuwa ameshamtafutia Mwanahawa mwanaume wa huko mwenye minazi mingi, na ilichukua watu wazima wengi kumlainisha mzee mpaka akanikubali mie.

Alikubali kwa sharti. Siku aliyoipanga haibadiliki, na ndoa ifungwe baada ya sala ya adhuhuri. "Asiyefika kwenye ndoa yake mwenyewe," alisema mbele ya wazee, "simpi mtoto. Atakwenda Kimbiji."

Na mnajua wazee wa kizamani, hakuwa anapima upepo.

Basi ikawa masika. Usiku wa kuamkia harusi ilinyesha mvua ya kufa mtu. Asubuhi tukatoka Mwananyamala kwa madaha, wanawake wanapiga vigelegele, mie nimevaa kanzu nyeupe, kilemba, na joho la kuazima lililokuwa refu kuliko mie. Pembeni yangu mpambe wangu Shomari, rafiki yangu wa utotoni, kazi yake siku hiyo ilikuwa kunishikia mwavuli. Mbele yetu mjomba wangu Mzee Pazi, ndiye msemaji wa upande wetu.

Tukafika mto Msimbazi.

Daraja hakuna. Lilikuwa daraja la magogo ya minazi tu, na mto ulikuwa umeyabeba yote. Maji mekundu, yanapita na migomba mizima.

Kuzunguka hadi daraja la mjini maana yake tungefika alasiri. Na kutoka ng'ambo tukapigiwa kelele kwamba shehe ameshafika, na ana ndoa nyingine ya kufungisha Temeke, hatakaa.

Nikaona kabisa Mwanahawa akipanda kivuko kwenda kwa yule bwana wa minazi.

Ndipo Shomari akanyoosha mwavuli. "Ile kamba je?"

Hapo pembeni kulikuwa na kamba nene ya katani imevuka mto. Waliifunga wachimba mchanga. Wanachimba upande wetu, wanatia mchanga kwenye kapu, kapu linaning'inia kwenye kapi, na wenzao upande wa Vingunguti wanalivuta kwa kamba nyingine nyembamba. Ncha ya upande wetu ilifungwa juu kwenye mnazi. Ncha ya ng'ambo ilikuwa chini kidogo, kitanzi kimezungushwa kwenye shina la mkorosho na kukalia kigingi.

Nikasema, kapu la mchanga ni zito kuliko mie. Kama linavuka kapu, navuka mie.

Sikuuliza wachimba mchanga wenyewe ni kina nani.

Nimeshakaa kwenye kapu, joho nimelikusanya mapajani, Shomari ameshanisukuma, kapi linalia kwiii kuelekea ng'ambo, ndipo nikawaona vizuri waliosimama kule. Aliyekuwa mbele ni Maganga, mkubwa wao, mtu wa miraba minne kutoka Tabora.

Wanyamwezi, wakuu. Genge zima.

Kwa vijana msiojua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Si utani huu wenu wa mpira. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako, akakukalia kitanda msibani, akakuzuia njiani siku ya harusi, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeaibisha ukoo, na faini unalipa. Na mie nimejipeleka mwenyewe, nimevaa joho, ndani ya kapu lao.

Kapi likateremka, likapunguza mwendo, likarudi nyuma kidogo, likaenda mbele kidogo, likatulia.

Si katikati! Lilipita katikati, likasimama karibu zaidi na Vingunguti, kule ncha iliko chini. Karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya pilau langu mwenyewe. Ila chini yangu bado ni maji.

Nikangoja wavute.

Maganga akaichukua ile kamba ya kuvutia, akaifunga kwenye mti kwa utulivu, akakaa juu ya kapu lililopinduliwa. Wenzake nao wakakaa.

"Jamani," akasema, "babu zetu wamebeba mizigo mpaka mabega yakaota sugu, na Wazaramo mnatuimba wapagazi. Leo tumebeba Mzaramo. Mzigo huu hauna haraka."

Genge likacheka mpaka mmoja akalala chini.

Wakanitaka niwike kama jogoo. Nikawika. Wakasema jogoo wa Kizaramo ana mafua, niwike tena. Nikawika tena, na upande wetu nikasikia hata shangazi zangu wanacheka. Wakataka niseme Mnyamwezi ndiye aliyemfundisha Mzaramo kuoga. Nikasema. Wakataka niimbe, nikaimba. Kila nikimaliza wanashauriana, wanakuja na jingine.

Mzee Kondo akaja ukingoni. Kanzu imenyooka, bakora mkononi.

Adabu ni adabu hata ukiwa kapuni. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Nakuja, baba."

"Naona." Akamgeukia Maganga, akainua bakora, akaishusha. Na yeye ni Mzaramo. Akaniambia, "Hao ni watani, siwaingilii. Lakini shehe anafunga kilemba aondoke, na mie neno langu liko pale pale."

Hapo mzaha ukaniishia, wakuu. Niliogopa kweli. Sikuogopa maji, niliogopa kuishi mpaka uzee nikijua nilimkosa Mwanahawa kwa umbali wa kurusha embe.

Nikatazama juu. Kapi. Kamba upande huu, kamba upande ule. Nikajisemea, Mungu wangu, hili si lile swali la Jumatatu?

Shomari akapiga kelele kutoka kule, "Umekwama kwa sababu umeshiba! Ungekunywa chai kavu ungefika!"

Hapa nitue kidogo, maana kuna mliojibu hivyo hivyo jana. Uzito hauhusiki. Mtoto wa shule au gunia la chumvi, kapi linatulia pale pale. Uzito unaamua kamba itakazwa kiasi gani, hauamui wapi.

Nikaanza kufikiri, ila kwa papara. Nikaona kamba imelegea, imebonyea. Ikikazwa bonde lile litapungua, nami nitasogea ng'ambo. Nikapaza sauti, "Shomari, kazeni kamba ya huko!"

Wazo lenyewe halikuwa baya. Nilichosahau ni kwamba kamba kadiri inavyonyooka, ndivyo tension, yaani mkazo wake, inavyopanda. Kunyoosha kamba yenye mtu mmoja mwembamba kunaweza kuhitaji nguvu ya kung'oa kisiki.

Kule kwetu wakaifungua ncha, wanaume wote wakaishika, wakavuta huku wanaimba. Kweli nikainuka. Nikasogea kidogo. Wanawake wakapiga kigelegele. Sasa walipochoka, Shomari akatafuta pa kuifunga haraka kabla haijawaponyoka, na kilichokuwa karibu zaidi ni nguzo. Akaizungushia hapo.

Ilikuwa nguzo ya choo cha watu.

Choo cha makuti, wakuu, nguzo yenyewe imesimama kwa mazoea. Na ndani alikuwemo mjomba wangu Mzee Pazi, msemaji wa ukoo, aliyeingia kujituliza kabla ya hotuba.

Nilisikia kraa. Choo kikaondoka chote kwa pamoja kuelekea mtoni, makuti, fito na mlango wake wa gunia. Mjomba akabaki pale pale alipokuwa, amechuchumaa, kanzu mikononi, anatazamana na harusi nzima.

Wanawake wakageuka kwa heshima, wakacheka wamegeuka.

Mie nikashuka kwa kishindo mpaka makalio ya kanzu yakaingia majini. Nilipiga ukelele ambao Maganga aliniigiza mpaka siku ya mwisho wa uhai wake. Wanaume wakaikamata kamba ikiwa bado inateleza, wakanipandisha, wakairudisha kwenye mnazi wake ikiwa imekaza kuliko mwanzo. Nikawa nimesogea kidogo tu kuliko zamani, na sasa nachuruzika.

Ng'ambo shehe akatokea, mkoba kwapani. Anaaga.

Wakuu, akili ya binadamu ni kitu cha ajabu. Nilipolowa ndipo ilipofunguka.

Kamba ni moja. Inapita juu ya gurudumu linalozunguka bila kinyongo. Kwa hiyo inavuta sawa upande huu na upande ule. Kama inavuta sawa, na mie nimetulia, siendi kushoto wala kulia, basi lazima pembe ziwe sawa pande zote mbili. Nikatazama kwa macho yangu. Kweli! Mlalo wa kamba upande mfupi ni ule ule wa upande mrefu. Na mahali pembe zinapolingana ni mahali pamoja tu, ndipo bonde lilipo chini kabisa.

Wenye daftari: cosine ya hiyo pembe ni upana wa mto gawa kwa urefu wa kamba. Basi. Hakuna mzigo humo, hakuna katikati humo.

Na ncha moja ikishuka, bonde linasogea upande wake. Ikishuka vya kutosha, bonde linafika kwenye ncha yenyewe. Kwa hiyo nisipoteze nguvu za watu kukaza. Ile ncha ya mkorosho ishuke hadi kwenye mizizi, na nchi yote iwe mteremko mpaka kwa mke wangu.

Ila ncha ya mkorosho wameikalia watani. Nikiwaomba waishushe, wataipandisha.

Nikavuta pumzi, nikalia kilio cha mtu aliyekata tamaa. "Jamani watani zangu! Nichekeni, nitukaneni, nitawika mpaka jioni! Ila nawaomba kitu kimoja, msikiguse kile kigingi! Kitanzi kikishuka, mie nimekwisha!"

Maganga akainua kichwa taratibu. Akakitazama kigingi. Akanitazama mie. Uso wake ukachanua kama mtoto aliyeona sahani ya visheti.

"Kigingi hiki?"

"Maganga nakuomba! Kwa roho ya babu yako!"

Akachukua jembe, akakipiga kigingi pigo moja.

Kitanzi kikateleza chini kwenye shina, shwaa, mpaka mizizini. Na mie nikaondoka.

Sasa wakuu, hapa ndipo mwalimu wangu aliponiponza. Statics inakwambia utatulia wapi. Haikwambii utafika na mwendo gani. Hiyo ni somo jingine, tulikuwa hatujalifikia.

Nilikwenda, jamani. Joho lilipeperuka nyuma, kilemba kikabaki hewani, kapi linalia kama nguruwe. Watani waliruka huku na huku. Shehe aliruka na mkoba wake. Mzee Kondo hakuruka, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kutoruka.

Nilimpata kifuani.

Tukaanguka wote wawili kwenye tope la ukingoni na tukaanza kuteleza kurudi mtoni. Nikatupa mkono nikashika cha kwanza nilichokipata, nacho kilikuwa mkono wake wa kulia. Yeye kwa mkono mwingine akashika mzizi wa mkorosho. Tukasimama hapo, tumelala chali, mkwe na mkwe, tope mpaka masikioni, mikono imeshikana.

Maganga akaliweka jembe chini.

Mzee Kondo akaanza kuuvuta mkono wake. Shehe akasema, "Usiutoe!"

"Nini?"

"Mzee Kondo, usiutoe huo mkono. Wewe ndiye walii wa binti, huyu ndiye muoaji, mmeshikana mikono kama inavyotakiwa, na mashahidi wamejaa ukingo mzima. Mie nina ndoa Temeke. Tunafungia hapa."

Akakunja kanzu yake, akachuchumaa kwenye tope mbele yetu, akaanza kusoma.

Mzee Kondo alinitazama. Nilimwona anafikiri, na nilijua anafikiri Kimbiji. Kisha akatamka, neno kwa neno, kwamba ameniozesha binti yake Mwanahawa. Nikajibu nimekubali, kwa sauti kubwa kiasi kwamba upande wa pili wa mto walisikia wakaanza kupiga vigelegele. Mjomba Pazi akatoa hotuba yake kutoka ng'ambo, amejifunga kanga ya shangazi, na hakuna aliyesikia hata neno.

Watani wakaidai sehemu yao ya pilau kwa kazi ya usafirishaji. Walikula mpaka ukoko.

Mwanahawa aliponiona mlangoni, tope tupu, macho tu ndiyo meupe, alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo salamu yangu ya kwanza kama mume. Jumatatu nilipeleka jibu kwa yule Mzungu, akaniuliza nimepataje pembe kuwa sawa bila kutumia kitabu. Nikamwambia nilikuwepo.

Funzo, kwa kijana wa jana na kwa wote mliompa like yule wa "katikati": kapi halijui katikati ni nini. Linakwenda mahali ambapo pande zote mbili zinalivuta sawa, basi. Msibishane, nendeni mkakae kapuni wenyewe.

Na moja la mwisho, hili si la hesabu.

Miaka mingi baadaye Mzee Kondo aliugua, mie na Mwanahawa tukamuuguza hapa kwetu Mwananyamala. Siku moja nikamuuliza lile lililokuwa likinikera muda wote. Kwa nini siku ile hakuutoa mkono wake? Angeweza. Shehe asingemlazimisha.

Akasema, "Nilijaribu. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, hukuachia. Unateleza mtoni, huna kilemba, huna hata kiatu, na bado hukuachia. Nikasema huyu nikimpa mtoto wangu, hatamwangusha."

Sikumwambia kwamba siku ile sikujua nimeshika nini. Nikamshika mkono tu, tukakaa hivyo.

Haya, uwanja ni wenu. Anayeshikilia bado kuwa ni katikati aandike hapa chini, na aje na joho lake.